Mwalimu mmoja, shahada ya Huria, waajiri wawili

Mwalimu ninayemweleza hapa aliajiriwa na Serikali mwaka 2012 akiwa na stashahada, akapangiwa shule ya msingi ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Mwaka 2015 alijisajili Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kituo cha Mwanza, kwa shahada ya kwanza ya ualimu, masomo yake Kiswahili na Historia. Alihitimu mwaka 2020 kwa GPA ya 3.6, yaani daraja la pili la juu. Cheti hicho alikipeleka kwa waajiri wawili katika kipindi cha mwaka mmoja: kwa mwajiri wake mwenyewe, akiomba kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishwa kutoka ngazi za wenye stashahada kwenda za wenye shahada, na kwa shule moja ya sekondari ya binafsi, akiomba kazi. Kote kuwili alikwama.

Habari ilipofika shuleni kwake, hukumu ilitoka siku hiyo hiyo: Huria haikubaliki, kapoteza miaka mitano na hela zake. Walimu wenzake waliokuwa na nia ya kujisajili wakaghairi. Mimi nimefanya kazi ya utumishi serikalini muda mrefu, na mwalimu huyu ni shemeji yangu. Alinikabidhi bahasha yake yenye karatasi zote, nikazipitia moja baada ya nyingine. Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kumtaja jina, kwa sababu hukumu ile inaendelea kuwakatisha tamaa watu wenye uwezo kabisa wa kusoma. Halmashauri haikumkwamisha kwa ajili ya Huria hata kidogo. Shule binafsi ndiyo ilimkwamisha kwa ajili ya Huria, lakini si kwa namna iliyosemwa pale chini ya mwembe wa walimu.

Halmashauri ilitaka nini

Nianze na Serikali, maana watumishi wengi wa umma husoma kwa masafa, yaani bila kukaa chuoni. Chuo Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge, namba 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, makamu mkuu wa chuo wa kwanza. Ni chuo kikuu cha umma. Leo kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, ile ile inayovisimamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine. Chukua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira ulisome mpaka mwisho. Sharti la elimu huishia kwenye maneno "kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali". Hakuna mahali linapouliza kama ulikaa bweni au ulisomea sebuleni kwako.

Tangazo hilo hilo lina ukali kwingine. Halipokei matokeo ya muda wala hati ya matokeo, linataka cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi lazima vyeti vyake vihakikiwe na mamlaka inayohusika, kama TCU au Baraza la Mitihani (NECTA). Aliye mtumishi wa umma tayari apitishe barua kwa mwajiri wake. Ukali huu umezidi kutiliwa mkazo tangu Aprili 2017, pale Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma taarifa ya uhakiki iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nani alikaa darasani na nani hakukaa, hilo halikuwa hoja siku ile wala halijawa hoja baadaye. Afisa utumishi anataka kujua kitu kimoja kuhusu cheti: ni halali au si halali. Cheti cha shemeji kilipita mezani bila swali.

Swali lililomkwamisha lilikuwa hili: "Mwalimu, barua yako ya ruhusa ya kujiendeleza iko wapi?"

Hakuwa nayo. Alipojisajili mwaka 2015 hakumwandikia mkurugenzi. Aliwaza hivi, na wengi huwaza hivyo: sitoki kazini, nasoma usiku na wakati wa likizo, ruhusa ya nini? Ni mantiki inayoeleweka, lakini mfumo wa utumishi hauendi hivyo. Mwajiri hupanga mafunzo ya watumishi wake, na anayesoma bila kuwa kwenye mpango huo huwa amesoma kwa hiari yake. Shahada yake inabaki halali, ila mwajiri hakuiandalia nafasi. Ili abadilishiwe muundo, nafasi ya cheo kipya lazima iwepo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, fedha zake ziwe zimetengwa kwenye bajeti ya mishahara ya mwaka husika, kisha kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na majina hupangwa miezi kadhaa kabla. Yeye alileta cheti bajeti ikiwa imeshafungwa, tena bila barua. Akaambiwa asubiri mzunguko unaofuata na wakati huo huo aandike maelezo ya kwa nini hakuomba ruhusa. Aliyeandaa maelezo hayo naye ni mimi. Yalichukua ukurasa mmoja, na mkurugenzi aliyapokea bila ugomvi.

Ningependa kila mwalimu anayefikiria Huria asome aya hiyo iliyopita mara mbili. Barua moja ya ruhusa, iliyopitia kwa mwalimu mkuu na kugongwa muhuri wa masjala, ingemwokolea muda usiopungua mwaka mzima.

Kuna jambo la madaraja ambalo halisemwi vya kutosha. Mwenye stashahada huanza kama Mwalimu Daraja la IIIB, ngazi ya mshahara wa walimu wa Serikali iitwayo TGTS C. Mwenye shahada huanza Daraja la IIIC, TGTS D. Shemeji alistahili kupanda kutoka C kwenda D karibu na mwaka 2016, lakini mwaka huo Serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja ili kufanya uhakiki, na yeye akabaki C. Madaraja yalipokuja kufunguliwa kwa wingi mwaka 2021, akapanda D kwa utumishi wake wa kawaida, bila cheti kipya kuhusika. Kibali cha kubadilishiwa muundo kilipotoka mwaka 2022, kikampeleka Daraja la IIIC, ambalo nalo ni D. Kwa mwezi ule mshahara haukuongezeka chochote. Wenzake wakacheka tena.

Walikosea kuangalia mwezi mmoja. Kilichobadilika ni ngazi anayopanda, na ngazi ya mwenye shahada inafika mbali kuliko ya mwenye stashahada. Pia alihamishiwa sekondari, akaanza kufundisha masomo aliyoyasomea, na milango ya ukuu wa shule, uafisa elimu na shahada ya uzamili ikawa wazi. Ana miaka zaidi ya ishirini mbele yake kabla ya kustaafu. Kwa mtu wa umri wake hesabu inalipa.

Haimlipi kila mtu, lakini. Pale pale shuleni alikuwepo mwalimu wa makamo aliyekuwa tayari amefika daraja la juu kwa stashahada yake. Akipata shahada na kubadilishiwa muundo, cheo chake kingerudi kwenye cheo cha kuanzia cha mwenye shahada, mshahara wake akiendelea kuupata kama mshahara binafsi hadi ngazi mpya imfikie. Yaani angekaa miaka kadhaa bila nyongeza ya maana, huku amebakiza muda mfupi kustaafu. Huyo nilimwambia ukweli: kama unasoma kwa kupenda elimu, soma kwa moyo mmoja, kama unasoma kwa ajili ya mshahara, umechelewa. Hakufurahi, na namwelewa.

Shule binafsi iliona nini

Wakati anangoja kibali, shemeji aliomba kazi shule ya binafsi. Aliitwa kwenye usaili. Alinisimulia kila kitu jioni ile ile, na nilimwomba arudie sehemu moja mpaka nikaipata sawasawa.

Mkuu wa shule alishika transkripti, akateremsha kidole kwenye orodha ya kozi, akasimama kwenye isimu ya Kiswahili. Akamtazama. "Hii kozi alikufundisha nani?" Shemeji akajibu kwamba Huria unasoma mwenyewe kwa vitabu vya kozi na mtandaoni. Mkuu akauliza: "Kwa hiyo hukuwahi kufundishwa." Shemeji akanyamaza. Mkuu akaandika kitu pembeni mwa karatasi, akamshukuru, na baada ya wiki mbili simu ikapigwa kumwambia kwamba wamempata mwingine.

Watu hulisikia tukio hili wakasema mkuu yule ana dharau. Inawezekana. Ila mimi nimekaa upande ule wa meza mara nyingi na najua kinachopita kichwani mwa anayesaili. Alikuwa na wasiwasi wa aina tatu, na wote una haki ya kujibiwa. Wa kwanza: mazoezi haya na mitihani hii aliifanya yeye? Wa pili: kuna mtu aliyemwona akifundisha akamsahihisha? Wa tatu: je, anaweza kusimama mbele ya watu akaeleza jambo, au amezoea kusoma peke yake tu? Shemeji alikuwa na jibu kwa kila moja. Hakutoa hata moja, kwa sababu aliingia chumbani akiwa ameshakubali moyoni kwamba anajitetea.

Kuhusu mitihani, ukweli ni huu. Aliifanya kituoni Mwanza, kwa kitambulisho, mbele ya wasimamizi, kama inavyofanywa chuo chochote. Kipindi kile daraja la Kigongo–Busisi halikuwepo. Lilifunguliwa Juni 2025. Mtu wa ng'ambo alivuka kwa kivuko, na foleni ya magari ilipokuwa ndefu unaweza kufika mjini saa moja na nusu mtihani wako ukiwa saa mbili. Kwa hiyo siku ya kuamkia mtihani alilala kwa dada yake anayekaa Nyakato, mjini Mwanza, kila msimu. Ada alilipa kwa kozi alizojisajili, mara nyingine chache kuliko alivyotaka kwa sababu hela haikutosha, na ndiyo maana ilimchukua miaka mitano. Kijijini mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Alikuwa akipakua masomo yote ya mwezi mara moja akiwa mjini, akayahifadhi kwenye simu, akayasoma usiku watoto wakishalala. Mwajiri akisikia hivyo, anamsikia mtu anayejua kupanga kazi yake bila kusimamiwa.

Kuhusu kusimamiwa darasani, alifanya mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari ya kata, akakaguliwa na msimamizi, na ripoti ilikuwemo ndani ya bahasha aliyokwenda nayo kwenye usaili. Haikutoka kwenye bahasha. Tena mtu huyu alikuwa na miaka minane darasani kabla hata ya kupata shahada! Mhitimu wa kukaa chuoni miaka mitatu, akitoka moja kwa moja kidato cha sita, ana wiki chache tu za mazoezi. Kama ni suala la kusimama mbele ya watu, hapo hakuna ulinganisho.

Nakubali lakini kwamba mkuu wa shule alikuwa na hoja moja ya kweli. Kukaa darasani kunampa mwanafunzi kitu ambacho vitabu vya kozi havitoi: mabishano ya semina, mhadhiri anayekukatiza katikati ya sentensi akikuuliza una uhakika gani, rafiki wa chumba aliyekuja kuwa afisa elimu wa mkoa. Elimu ya masafa haina hayo kwa wingi, na anayeisoma bila kuyatafuta kwa makusudi anatoka nayo pungufu. Shemeji aliyakosa miaka miwili ya mwanzo. Kuanzia mwaka wa tatu aliungana na wanafunzi wenzake wanne wa kituo cha Mwanza, wakawa wanakutana Jumamosi moja kila mwezi kabla ya mitihani na kufundishana. Matokeo yake yanaonyesha wazi: ukipanga alama za transkripti kwa miaka, utaona B+ na A zimejazana baada ya kikundi kile kuanza.

Kuna upande mwingine ambao mkuu yule hakuufikiria. Kukaa darasani peke yake si dhamana. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hivyo vilikuwa vyuo vya majengo, mabweni na mahafali ya majoho. Mwajiri anayepima kwa kuangalia kama kuna bweni anaweza kumwacha mtu bora na kumchukua dhaifu. Apime kwanza kama chuo na programu vinatambuliwa, kisha ampime mtu mwenyewe.

Tena jina la Huria linamweka mhitimu wake kwenye nafasi ngumu ambayo wengine hawaipati. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa na wanafunzi waliosoma ualimu kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi, na cheti chao kiliandikwa Nairobi tu. Hakuna aliyewauliza swali la pili. Kenya sasa nayo ina Chuo Kikuu Huria chake kule Konza, kilichopata hati mwaka 2023, na wahitimu wake watakutana na maswali yale yale aliyoulizwa shemeji. Wajiandae.

Usaili wa pili

Tulikaa meza moja nyumbani kwangu, bahasha imemwagwa yote. Sikumfundisha maneno ya kukariri. Nilimwomba tu apange karatasi upya: juu kabisa ripoti ya mazoezi ya kufundisha, chini yake andalio la somo la kidato cha pili aliloliandaa mwenyewe, kisha matokeo ya darasa lake la saba kwa Kiswahili kwa miaka mitatu, ndipo transkripti na cheti. Kwenye wasifu, tukaweka miaka ya kazi na miaka ya masomo sambamba, ili msomaji aone mwenyewe kwamba 2015 hadi 2020 alikuwa akifanya vyote viwili. Hilo peke yake lilibadilisha sura ya ukurasa.

Shule nyingine ya binafsi ikamwita. Swali la Huria likaja, kama tulivyojua litakuja. Safari hii akajibu hivi: "Nimesoma nikiwa kazini. Mitihani nimefanyia kituoni. Naomba nifundishe kipindi kimoja mnione." Wakampa kidato cha pili, mada ya uambishaji. Aliandika ubaoni kitenzi "walimpigia", akawaita wanafunzi mmoja mmoja kukikata vipande na kusema kila kipande kinafanya kazi gani. Aliyekosea hakumwambia umekosea. Alimwomba abadilishe kipande kimoja aone maana inakwenda wapi. Dakika arobaini ziliisha watoto wakiwa bado wamenyoosha mikono. Mkuu wa taaluma aliyekaa nyuma ya darasa alimfuata nje na kumuuliza anaweza kuanza lini.

Hakwenda. Kibali cha Utumishi kilitoka kabla ya tarehe ya kuanza, na alipima pensheni, usalama wa kazi na umbali kutoka kwa watoto, akaamua kubaki serikalini. Naona aliamua vema, ingawa mshahara wa shule ile ulikuwa mkubwa kidogo.

Na asiye na kazi je?

Kisa hiki kina mkia, na mkia wenyewe ndio unaonifanya nisite kusema kwamba Huria inamfaa kila mtu. Mdogo wake shemeji alimaliza kidato cha sita mwaka 2023, akapata ufaulu wa kutosha kuingia chuo kikuu. Alipoona shemeji, ambaye ni dada yake, amefanikiwa, akasema na yeye atasoma kwa masafa, tena si Huria: ameona tangazo kwenye simu la chuo cha nje kinachotoa shahada ya kompyuta kwa muda mfupi, kinachokubali "uzoefu wa maisha" badala ya kozi.

Hilo la pili nililikata mara moja. Biashara ya namna hiyo inajulikana: mwaka 2015 ilifichuliwa kampuni ya Axact ya Karachi iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo kwa watu wa nchi nyingi, na vyuo vile vilikuwa na tovuti nzuri kuliko vyuo vingi vya kweli. Chuo kinachokupa shahada kwa uzoefu wa maisha ukiwa na miaka kumi na tisa, uzoefu upi huo? Kabla ya kumtumia mtu yeyote hata shilingi, angalia kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, kisha uulize TCU kama shahada hiyo itatambuliwa hapa ukirudi nayo. Kuuliza mapema ni bora kuliko kupeleka cheti kuhakikiwa na kurudishiwa.

Lile la kwanza, kusoma Huria yenyewe, lilihitaji mazungumzo marefu. Dada yake aliingia Huria akiwa na darasa tayari, mshahara tayari, na wanafunzi wa kujaribia kila alichosoma usiku. Shahada yake ilikuja kukaa juu ya kazi iliyopo. Kijana huyu hana kazi. Akisomea nyumbani atamaliza akiwa na cheti halali kabisa, lakini bila mafunzo ya vitendo ofisini, bila mradi aliofanya na wenzake, bila mtu wa kumwandikia barua ya kumtambulisha. Mwajiri wa kwanza atakayemuuliza "umefanya nini?" atamkuta hana la kuonyesha. Na wanaosoma peke yao bila kazi wala kikundi ni rahisi kukatia njiani. Nimewaona wengi wakiahirisha kozi msimu baada ya msimu mpaka wakaacha kabisa.

Nilimshauri aombe chuo cha kukaa darasani na mkopo wa Bodi ya Mikopo, na akikosa vyote viwili, atafute kwanza kazi ya aina yoyote kwenye duka la kompyuta au ofisi ya mtandao mjini, ndipo ajisajili Huria akiwa na mahali pa kutumia anachojifunza. Alipata chuo, mkopo ukatoka nusu, na nusu iliyobaki ya ada analipiwa na dada yake kutoka kwenye mshahara wa TGTS D.